Vilemba vya familia siku ya sendofu: nani avae nini, na namna ya kumfunga mama lemba likae

Kazi yangu ni kufunga vilemba. Siku za kawaida utanikuta Soko la Majengo hapa Dodoma, upande wa wauza vitenge, na Jumamosi nazunguka majumbani, Kisasa, Ipagala, Nkuhungu, popote penye sendofu, ile sherehe ya kumuaga binti anayeolewa. Wateja wengi hunipigia simu wakiwa tayari wamenunua vitambaa na tayari wamenuniana. Shangazi kapewa sare moja na majirani, mama mdogo kaona lemba la wifi yake ni refu kuliko lake, bibi kaambiwa avue khanga yake. Yote hayo yanaepukika mkianza na watu kabla ya kitambaa, na ndivyo nitakavyoanza hapa.

Chukueni daftari. Wakae mama wa binti, shangazi mmoja anayesikilizwa na mtu mmoja wa kamati. Waandike kila mwanamke atakayesimama kutambulishwa ukumbini: mama mzazi, mama wakubwa na wadogo, mashangazi, bibi mzaa mama, bibi mzaa baba, wake za wajomba, dada za binti, matroni. Mbele ya kila jina andikeni yeye ni nani kwa binti, msiandike anakaa wapi wala ana cheo gani ofisini. Mkurugenzi ambaye kwa binti ni mama mdogo, siku hiyo avae kilemba cha mama mdogo.

Umuhimu wa kuandika hivi umeongezeka hapa kwetu. Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma kwa kishindo mwaka 2016, harusi za mji huu ni za watu waliotoka pande zote. Binti ni Mgogo wa Chamwino, mume ni Mhaya wa Muleba, majirani ni Wachaga na Wanyakyusa, wafanyakazi wenzake wametoka Pemba. Nusu ya ukumbi hawamjui mama wa binti kwa sura. Wanaangalia vichwa. Mshereheshaji anaangalia vichwa, wapiga picha wanaangalia vichwa, hata wahudumu wanajua pa kupeleka sahani ya kwanza kwa kuangalia vichwa. Mkivifunga vyote kwa kitambaa kimoja na urefu mmoja, mama aliyebeba mimba ile anapotea katikati ya sare.

Utaratibu ninaoufuata mimi ni huu. Mama mzazi apate kitambaa cha peke yake na lemba refu kuliko yote. Mashangazi na mama wakubwa na wadogo wavae kitambaa kingine, mtindo uleule wa mama, ila ukingo ushuke. Dada na matroni wafungwe vilemba vya kulala, vile visivyo na kilele. Bibi abaki na khanga. Binti mwenyewe kichwa kiwe wazi au na ua tu, kwa sababu sendofu ni siku ya kumuaga, na mwenye kuaga kwa heshima zote ni mama yake.

Kuna jina moja linalosahaulika kwenye daftari, la mama mlezi. Nilikuwa kwenye sendofu ya binti mmoja ambaye mama yake alifariki binti akiwa bado mdogo, akalelewa na mama yake mkubwa huko Mpwapwa. Ndugu walikuwa wamempangia yule mlezi sare ya mashangazi. Binti alipoona, alikataa kuendelea kupambwa. Tukamkatia mlezi yadi mbili za kitambaa cha peke yake, nikamfunga lemba la mama, refu, na pale ukumbini hakuna aliyeuliza mama wa binti ni yupi. Kama mama mzazi yuko hai na mlezi yupo pia, wape kitambaa kimoja na urefu mmoja, wakae pamoja. Msijaribu kuwapima kwa rula.

Kitambaa

Kupanga watu kwa kitambaa si jambo lililoletwa Ugogo na kumbi za harusi. Karne ya 19 misafara kutoka pwani kwenda Tabora ilipita hapa katikati, na watemi wa Ugogo waliitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, ambayo sehemu kubwa ililipwa kwa nguo. Merikani, pamba nyeupe isiyotiwa rangi, na kaniki, pamba ya rangi iliyoiva, zilikuwa nguo za wengi. Debwani, kitambaa cha mistari kutoka Maskati ambacho pwani kilifungwa vilemba, kilikuwa cha mtemi na wakubwa wake. Mpagazi akifungua mzigo, kila aliyesimama pale alijua nguo ipi itaishia kwa nani. Kwa hiyo shangazi akikuambia kitambaa ni kitambaa tu, mwambie wenyeji wa hapa hawajawahi kuona hivyo.

Kwa lemba la mama nunua kitenge cha pamba tupu, yadi mbili. Kikiwa cha upana wa kawaida, kama inchi 45, utakikunja katikati kwa urefu wake upate kipande kirefu chenye upana wa inchi 22 hivi. Mashangazi yadi moja na nusu inawatosha. Pisi ya yadi sita itatoa vilemba vitatu vya mama, au vinne vya mashangazi, kwa hiyo piga hesabu kutoka kwenye daftari lako, usinunue kwa makisio.

Dukani geuza kitambaa uangalie mgongo wake. Kitenge cha wax cha kweli kina rangi pande zote mbili, karibu sawasawa. Kile cha bei ndogo kimechapwa upande mmoja, mgongo umepauka. Kwenye gauni hutaona tofauti. Kwenye lemba utaona, maana marinda yakifunguka mgongo unatoka nje, na picha zitaonyesha mapengo meupe kichwani kwa mama.

Kitenge kipya usikifue kabla ya sherehe. Kimetoka kiwandani na gundi yake, na ugumu ule ndio unaosimamisha lemba. Piga pasi tu, upande wa ndani. Kama kimeshafuliwa na kimelegea, kipe wanga wa muhogo: vijiko viwili vya unga koroga kwenye nusu kikombe cha maji baridi mpaka mabonge yaishe, mimina kwenye lita moja ya maji yanayochemka huku unakoroga, ukiwa mwepesi unaong'aa epua, chuja kwa kitambaa safi, uache upoe. Zamisha kitenge, kikamue kidogo, anika kivulini. Usingoje kikauke kabisa. Dodoma nguo inakauka haraka, na wanga uliokauka juani unabanduka kwa magamba. Kitoe kikiwa na unyevunyevu, upige pasi ya moto.

Jambo la maji lina uzito wake hapa. Maji yetu mengi ni ya visima na yana chumvi. Ukipikia wanga maji hayo, kitambaa cheusi au cha bluu iliyoiva kitabaki na alama nyeupe ambazo pasi haziondoi. Tumia maji ya mvua kama mlikinga, la sivyo nunua chupa ya lita moja na nusu.

Wapo wanaotaka gele, vile vitambaa vya kung'aa vya Kinigeria. Sokoni vipo. Asili yake ni kwa Wayoruba, kusini magharibi mwa Nigeria, na kile cha heshima kabisa kwao ni aso oke, kinachofumwa kwa mkono vipande vyembamba kisha vikaunganishwa. Hivi vya kwetu sokoni vimefumwa kwa mashine, vyepesi, vikavu. Vinafaa, ila vina masharti mawili. Pasi iwe ya baridi na juu yake weka khanga, maana nyuzi zake zinayeyuka. Na ukikunja mahali umekunja, mstari ule hautoki tena, kwa hiyo usijaribishie kwenye kitambaa cha siku yenyewe. Jaribia kingine.

Malemba yaliyoshonwa tayari, ya kuvaa kama kofia, siwakatazi dada na matroni. Mama namkatalia. Lile la dukani lina kipimo kimoja kwa vichwa vyote, na mama wa binti anastahili kitambaa kifuate kichwa chake.

Kumfunga mama

Tenga nusu saa ya mama peke yake, mlango umefungwa, watoto nje. Utahitaji kioo, stuli fupi, pini za kawaida na pini mbili kubwa zile za nepi, na mtu mmoja wa kukushikia kioo cha pili nyuma.

Nywele zisukwe siku moja kabla. Twende kilioni ndiyo inayofaa kuliko zote, mistari imelala kurudi nyuma, hakuna kinachoinuka. Mwenye rasta nene azikusanye chini kisogoni, asizibane utosini. Kisha kofia ya soksi, na juu yake kipande cha khanga kuukuu kilichokazwa vizuri. Usiweke satini hapo. Satini inateleza, na lemba likipanda juu ya kitu kinachoteleza litakuwa linarudi nyuma kila mama akicheka.

Vipodozi viwe vimekwisha na hereni ziwe masikioni. Mkalishe kwenye stuli, wewe simama nyuma yake.

Kunja ukingo wa mbele wa kitambaa ndani, upana wa vidole vinne. Ukingo huo uweke kwenye paji, kidole kimoja juu ya nyusi. Mkia wa kulia uwe mfupi, kama kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko chako. Kitambaa kingine chote kiende kushoto. Sasa mwambie mama ashike katikati ya paji kwa vidole viwili, akibonyeza, asiachie mpaka umruhusu. Kina mama wengi huachia mapema kwa kudhani wanakusaidia. Mwelezee kabla.

Peleka mikia yote miwili nyuma. Ipite juu ya masikio ikiyafunika nusu, ikutane chini kabisa ya kisogo, pale shingo inapoanzia. Wengi hupishanisha mikia juu mno, kwenye uvimbe wa kisogo, na lemba linakwea lenyewe na kuchomoka. Ikishuka chini ya uvimbe ule, inajifunga. Pishanisha, kisha vuta kwa uzito wa mikono, polepole, pande zote mbili kwa pamoja. Usivute kwa kushtukiza, maana kitambaa kitakimbia kwenye paji na mtaanza upya.

Mkia mrefu sasa unauleta mbele kwa mara ya pili, na hapa ndipo lemba linapopata sura. Kabla haujafika kwenye paji anza kukunja marinda. Kila rinda upana wa kidole cha shahada. Mkono mmoja unakunja, mwingine unabana yaliyokwisha kukunjwa. Matano yanatosha, sita kama paji ni pana. Rinda la chini likae juu ya ule ukingo wa kwanza, uache kidole kimoja cha ukingo kionekane, na kila rinda lifuate lililo chini yake kwa nafasi ileile. Tazama rinda la kwanza kwa makini kuliko yote. Likipinda, fumua hapohapo, kwa sababu yaliyobaki yatalifuata upindani.

Likishakaa, mwambie mama aachie paji. Zungusha mkia mpaka kisogoni, ukutane na ule mfupi uliokuwa unaungoja, funga fundo, kisha funga tena. Fundo moja halimtoshi mtu ambaye ataingia ukumbini akicheza.

Juu kitambaa kitakuwa kimesimama bila mpangilio. Ingiza vidole kati ya tabaka na tabaka, uvute kila rinda nje, kuanzia katikati kwenda pembeni, hadi juu kufunguke kama mkia wa tausi. Usivute kwa ncha, vuta kutoka shinani, ncha zitafuata. Geukia nyuma: utosi usiachwe wazi. Chukua pembe iliyobaki, ifunike utosi, uichomeke chini ya fundo. Pini kubwa moja nyuma ya kila sikio, ndogo moja kisogoni, zote zimelala ndani ya kitambaa.

Kisha pima. Ncha ya kidole chako kidogo iingie kati ya kitambaa na ngozi, juu ya sikio. Isipoingia, legeza, hata kama lemba limependeza vipi. Mama huyu atakaa nalo saa sita au saba, wengine wana presha, na lemba lililobana linaleta maumivu ya kichwa kabla hata keki haijakatwa. Muulize kama anasikia mapigo kwenye kipaji cha uso. Akisikia, legeza tena.

Msimamishe. Ainame kama anayemsalimia mkwewe, ageuke kulia na kushoto, apige vigelegele, acheze kidogo. Lemba linalosogea sasa litaanguka saa tatu usiku. Na pimeni usafiri mapema: kwenye bajaji lemba la mama haliingii, na kwenye gari dogo akae mbele, kiti kikiwa kimerudishwa nyuma na kulazwa. Miezi ya Juni hadi Septemba upepo wetu unabeba vumbi jekundu. Kuanzia mlangoni hadi ukumbini mfunike mtandio mwepesi juu ya lemba, autoe akishaingia.

Kwa mama Mwislamu, na wa Kondoa wapo wengi, anza na mtandio wa ndani unaofunika shingo na masikio, ukazwe kwa pini, halafu lemba lipande juu yake kwa hatua zilezile. Wateja kadhaa wananionyesha picha za Rais Samia Suluhu Hassan, wanataka mtandio wao utulie vile kwenye mabega. Hilo ni la mtandio mwepesi usio na wanga kabisa, pini moja chini ya kidevu na nyingine begani, na si lemba la kusimama. Mchagulieni mama moja kati ya hayo mawili. Yakichanganywa yanaharibiana.

Mkianzia kanisani, ulizeni kwanza. Yako makanisa yanayotaka kichwa kifunikwe, yako yanayoomba malemba marefu yasikae mstari wa mbele. Mama anaweza kwenda ibadani na kilemba cha kulala, nikamfunga lemba jioni.

Bibi, na dada wa nyumbani

Bibi anayetoka Mvumi au Bahi na khanga yake kichwani, mwamkie kwa Kigogo, mbukwa, mwachie khanga yake. Hakuna sababu ya kumvua. Unachoweza kufanya ni kumletea doti mpya. Soma jina la khanga kabla ya kulipa, maana yeye atalisoma, au atasomewa na mjukuu, na khanga yenye fumbo la kumsema mtu hataivaa mbele ya wakwe. "Nani kama mama" haijawahi kukataliwa mbele yangu. Upande mmoja ajifunge, wa pili akunjiwe pembetatu, pindo refu kwenye paji, ncha zipite juu ya masikio, fundo kisogoni, pembe ya tatu ichomekwe chini ya fundo. Haihitaji pini wala wanga. Mfunge kwa mikono miwili, mkiwa mnatazamana, usimsimamie nyuma kama unavyowafanyia wengine. Bibi anapenda kuona nani anamgusa kichwa.

Sasa jambo ninalolisema kila nyumba, hata pale ninapojua halitawafurahisha wenye nyumba. Dada wa nyumbani, yule anayelala jikoni wiki nzima ya maandalizi, yumo kwenye daftari? Mara nyingi hayumo. Au anapewa kitambaa cha rangi tofauti ili wageni wasimdhanie ndugu.

Zanzibar ya zamani ilifanya hivyo kwa watu. Mtumwa hakuruhusiwa kufunika kichwa kama mwungwana. Mwanamume alikaa bila kofia, mwanamke bila ukaya, ule mtandio wa kichwani. Utumwa ulipofutwa kisheria huko mwaka 1897, waliokuwa watumwa walivaa kofia na kanzu, na wanawake wakajifunika, ili waonekane barabarani kuwa ni watu huru kama wengine. Ng'ambo, Louisiana, ambayo leo ni jimbo la Marekani, ilifanyika kinyume chake. Mwaka 1786 gavana Esteban Miró aliwaamuru wanawake huru wenye asili ya Afrika wafunike nywele zao kwa kitambaa, ili watambulike kuwa ni wa chini. Wao wakavifunga vitambaa vile kwa hariri na mapambo na manyoya, kwa ustadi uliowafanya watazamwe zaidi. Huku walivuliwa, kule walivikwa, na nia ilikuwa moja.

Kwa hiyo nikiona kilemba kimechaguliwa ili kumshusha mtu, nasimamisha kazi na kuzungumza na mama wa nyumba pembeni. Kata kitambaa cha sare ya dada za binti, yadi moja tu, umfunge dada wa nyumbani kilemba cha kulala kama chao. Amembeba yule bibi harusi mtarajiwa mgongoni, au amempikia uji, au wamekua pamoja. Wageni wakimdhania ndugu, hakuna kitakachopungua.

Wanaume wana shida chache. Mzee wa Kigogo akija na pama lake, mwache nalo, akilivua kanisani liwekwe mahali safi, si chini ya kiti. Mwenye kanzu avae kofia nyeupe iliyotariziwa kwa mkono, ya viua, iwe imefuliwa na kupigwa wanga uleule wa muhogo, ikakaushwa juu ya bakuli linalolingana na kichwa chake ili ishike umbo. Asiivue msikitini wala ukumbini. Kofia ya mkono haiazimwi kwa mtu wa kipimo kingine, ikitanuka haisimami tena vizuri.

Mitindo ya watu wengine

Vijana wananiletea picha kwenye simu. Gele nawafunga bila wasiwasi, Wayoruba wenyewe wanaigawa kwa wageni wa sherehe zao. Nyingine naziuliza kwanza. Kofia pana ya duara ya Kizulu, isicholo, ni ya mwanamke aliyeolewa. Zamani ilikuwa nywele zake mwenyewe, zikipakwa udongo mwekundu na kujengwa hadi zikawa kofia. Ukimvika matroni ambaye hajaolewa, na ukumbini akawepo mtu wa kutoka Afrika Kusini, amesoma kitu ambacho si kweli. Lemba la Waherero wa Namibia, otjikaiva, lina ncha mbili pembeni kwa sababu ni pembe za ng'ombe, mali yao na fahari yao, na linakwenda na gauni lake refu. Sikati ncha hizo nikazibandika kwenye kitenge.

Na olawaru, taji la manyoya ya simba la Wamasai, silikodishi wala silipambi ukutani. Wamasai tunaishi nao, Kongwa na Mpwapwa wapo, wanaingia sokoni kila siku. Lile taji kwao lilikuwa la kijana aliyemuua simba. Mpambaji aliyeniomba nimtengenezee la nyuzi za mkonge kwa ajili ya bwana harusi nilimwambia amtafutie kofia ya mkono.

Baada ya sherehe

Lemba livuliwe na mtu mwingine, si mama mwenyewe kwa kulichomoa kama kofia. Toa pini kwanza na uzihesabu. Legeza fundo, uachie polepole kuanzia nyuma. Paji lipakwe mafuta kidogo.

Kitenge kikung'utwe vumbi nje, kianikwe kivulini usiku mmoja kitoke jasho, kisifuliwe kama kitafungwa tena karibuni. Gele lizungushe kwenye bomba la boksi, lile wenye maduka ya vitambaa wanalotupa, ufunike kwa khanga. Lisikunjwe. Ndugu waliokuja na treni ya SGR kutoka Dar es Salaam wapewe vya kwao vikiwa vimezungushwa hivyo, visibanwe kwenye begi.

Kamati nyingi hukusanya vitu vyote usiku huo, vya kukodi na visivyo vya kukodi, vikaingia mfuko mmoja. Lemba la mama lisiwemo kwenye orodha ya vitu vya kurudishwa. Mwandikie jina lake kwenye karatasi, libandike, akabidhiwe mkononi kabla hajapanda gari, pamoja na pini zake.